Namba Moja kwa Mashine Mbili

Edvina Rugaibula aliitazama skrini, akajifikicha macho, akaitazama tena. Mashine ilikuwa imezimwa na kuwashwa upya, na bado ilijitambulisha kwa namba moja. Yeye aliandika saba. Alifungua faili la mipangilio akaiona saba yake palepale alipoiweka. Akaipiga meza kwa kiganja hadi chai ikamwagika kwenye sahani.

"Haiwezekani," alisema peke yake. "Haiwezekani kabisa."

Ilikuwa Jumamosi, Bukoba mjini, katika chumba alichopanga juu ya duka la dawa. Mvua ilikuwa inapiga bati tangu asubuhi, na barabarani chini pikipiki zilikuwa zimejibanza kwenye vibaraza. Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo anashindwa na jambo lilelile, na kila aliposhindwa, kosa lilihesabiwa kuwa lake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja kubwa ya bima huko Johannesburg ilikuwa imeinunua nyingine. Kila kampuni ilikuwa na kompyuta yake kuu, mitambo ile mikubwa inayohifadhi kumbukumbu za mamilioni ya watu, na zote mbili ziliendeshwa kwa programu ya mtandao ya zamani ambayo vyuo vya siku hizi havifundishi tena. Katika mtandao huo kila mashine ni nodi, na nodi kuu lazima ipewe namba ya eneo lake ili ujumbe ujue unakwenda wapi. Zamani, kila kampuni ikijitegemea, zote mbili ziliipa mashine yake namba moja, kwa kuwa ndiyo namba inayomjia mtu kwanza. Sasa zilipounganishwa, kila mashine iliona mwenzake anatumia namba yake, ikamkatalia. Mgonjwa aliyetibiwa hospitali ya upande mmoja hakuonekana upande wa pili. Watu walirudishwa madirishani wakiwa na kadi halali mkononi.

Edvina aliijua mitambo hiyo. Alikaa Johannesburg miaka kadhaa akiihudumia, mpaka baba yake alipopata kiharusi kule Nshamba, naye akaomba kurudi nyumbani na kufanya kazi kwa mbali. Aliyemsaidia akubaliwe alikuwa Mujuni, mzaliwa wa Kashozi, mkubwa wake kwa umri, ambaye sasa alisimamia kazi hiyo akiwa Dar es Salaam. Ndiyo maana Edvina hakuwahi kumpandishia sauti.

Simu iliita. Alikuwa Mujuni.

"Edvina, naona bado ni moja."

"Hata mimi naona, kaka Mujuni. Nimeandika saba. Iko humo kwenye faili."

"Uli-save lakini?"

Edvina alifumba macho. Miaka kumi na minne katika kazi hii, na mtu anamuuliza kama alihifadhi faili. "Nilihifadhi," alisema taratibu. "Kaka, nadhani kuna kitu kingine kinachosomwa wakati mashine inawaka. Kuna faili jingine huko ambalo mimi sina ruhusa ya kulifungua. Ungelifungua wewe ukaangalia..."

"Lile halina kitu. Usianze kutafuta mchawi. Wewe kagua kazi yako vizuri, tutarudia Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo siwezi. Nilishakuambia. Wakwe wanakuja kwa mdogo wangu."

"Wanakuja saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Basi. Tunaanza saa mbili asubuhi, saa nne umemaliza, unakwenda kula ndizi zako. Edvina, wenye kampuni wamechoka. Na nani mwingine anazijua mashine hizi? Unataka nimwambie nani?"

Alitamani kumwambia amwambie yeyote amtakaye. Alisema, "Sawa, kaka," akakata simu, akabaki ameishika, amejichukia kidogo.

Jambo la mdogo wake Joyness halikuwa dogo. Mama yao alifariki Joyness akiwa bado shule ya msingi, na Edvina ndiye aliyemlea, kwanza pale Nshamba, halafu kwa simu na kwa likizo. Siku ya wakwe kuja kujitambulisha, binti hutolewa chumbani akiongozwa na mama yake mbele ya wageni. Joyness alikwisha kusema: "Utanitoa wewe, dada. Simtaki mwingine." Naye Edvina alikubali kwa furaha, akashona na gauni.

Ijumaa jioni kaka yao Joackim alikuja kumchukua kwa pikapu yake, wakapita Muleba wakanunua soda na mchele, wakafika Nshamba kukiwa kumeshatayarishwa mengi. Nyuma ya nyumba mikungu ilikuwa imelazwa chini ya migomba, wanawake wamezungukwa na maganda. Baba yao alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu, mkono wake wa kushoto umelala mapajani.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mashine?"

"Nimekuja nayo. Kesho asubuhi nina kazi kidogo tu."

Shangazi yao, Kokubanza, ambaye hakuwa na kawaida ya kuzungusha maneno, aliinua uso kutoka kwenye sufuria. "Kesho? Kazi gani inafanywa kwenye siku ya watu? Hata ofisi ya serikali imefungwa."

"Ni ya mbali, shangazi. Wao hawajui kama tuna wageni."

"Wewe unajua," alisema Kokubanza, akarudi kwenye sufuria yake.

Asubuhi Edvina alijifungia stoo, kwa sababu ndimo mtandao wa simu ulimokamata vizuri. Aliweka kompyuta juu ya gunia la kahawa, akakalia kigoda, akavaa visikilizio masikioni. Kwenye mkutano wa simu walikuwemo Mujuni akiwa Dar, mabwana wawili wa ile kampuni ya bima, na mwendeshaji wa zamu aliyekuwa kwenye chumba cha mitambo chenyewe, mama mmoja mwenye sauti nzito ya upole. Waliongea Kiingereza. Edvina alihakikisha faili lake mara nyingine. Saba. Akamwomba yule mama awashe upya.

Walisubiri. Nje jogoo waliwika na vyombo viligongana. Kisha skrini ikaandika: eneo, namba moja.

Edvina alihisi joto likimpanda shingoni mpaka masikioni.

"Tena?" aliuliza bwana mmoja wa kampuni.

"Naomba radhi," alisema Mujuni haraka. "Mwenzetu atarudisha mipangilio kama alivyoikuta. Tutaipanga upya siku nyingine."

Edvina alikwisha kuweka mkono kwenye kibodi ili arudishe. Ilikuwa rahisi. Angerudisha, angeoga, angevaa gauni lake, na lawama zingesubiri Jumatatu. Lakini aliufikiria mwezi mzima uliopita, zile Jumamosi, lile swali la kama alihifadhi faili, akaona kwamba akirudisha leo, atarudisha na wiki ijayo na inayofuata.

"Hapana," alisema. "Samahani. Kabla sijarudisha, naomba mama uliye zamu unisomee maneno yote yaliyotoka wakati mashine inawaka. Tangu la kwanza."

"Edvina, muda unakwenda," alisema Mujuni.

"Najua muda unakwenda, kaka. Hata huku kwangu unakwenda."

Yule mama alianza kusoma, bila haraka. Mashine imeanza. Imesoma faili la kwanza la mipangilio. Hilo lilikuwa faili la Edvina. Halafu imesoma faili la pili.

"Simama hapo," alisema Edvina. "La pili linatoka wapi?"

"Tunaliweka kwenye amri ya kuwashia," alijibu yule mama, kama anayeeleza kitu ambacho kila mtu anakijua. "Tangu Machi, yale majaribio. Bwana Mujuni alisema tuwe tunawasha nalo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Programu ile husoma faili la kawaida kwanza, na ikiambiwa kuna jingine, hulisoma baadaye, na lililosomwa mwisho ndilo linalotawala. Angeandika saba, angeandika sabini, angeandika kwa dhahabu. Faili la Mujuni lilikuja nyuma yake likafuta kila kitu. Na mwezi mzima alikuwa amemwomba alifungue.

"Ah, lile," alisema Mujuni. "Lile lilikuwa la muda tu. Sawa, mama, liondoe kwenye amri, uwashe, tumalize."

"Usiliondoe bado," alisema Edvina. "Nisomee kilichomo."

"Edvina!"

"Nataka kujua kilichomo kabla hakijaondolewa. Huenda kuna mtu anakitegemea."

Mlango wa stoo ulifunguliwa kidogo. Alikuwa Joackim. "Dada, wageni wamepiga simu. Wameshapita Muleba. Wanakuja mapema, wanaogopa mvua."

Edvina alifunika maikrofoni kwa kidole. "Wacheleweshe."

"Niwacheleweshe vipi? Niweke magogo barabarani?"

"Joackim, nakuomba."

Aliondoka akitikisa kichwa. Masikioni mwa Edvina yule mama alikuwa akisoma: namba ya eneo, moja. Aina ya nodi, hivi. Halafu, kikomo cha maeneo, kumi na tano.

"Rudia hicho kikomo."

"Kumi na tano."

Upande wa pili kikomo kilikuwa sitini na tatu. Edvina alijua kwa sababu alikiweka mwenyewe. Anwani katika mtandao ule ni namba moja ndefu inayokatwa vipande viwili: cha mbele ni eneo, cha nyuma ni kifaa kilichomo katika eneo hilo. Kikomo ndicho kinachoonyesha pa kukata. Mashine mbili zikikata mahali tofauti, kila moja itaisoma anwani ya mwenzake vibaya, na ujumbe utakwenda kwa asiyehusika. Na lile faili lake la kwanza halikuwa na neno lolote kuhusu kikomo, maana aliamini kimeshawekwa sawa. Ndivyo Mujuni alivyomwambia. Kikomo kisipotajwa, programu hushika kumi na tano yake ya kawaida. Kama wangeliondoa tu faili la pili na kuwasha, namba ingekuwa saba, wote wangepiga makofi, na kumbukumbu za wagonjwa zingeanza kupotea njia mbele ya macho yao.

Alieleza hayo kwa ufupi. Mabwana wa kampuni waliulizana jambo kwa sauti ya chini.

"Unahitaji muda gani?" aliuliza mmoja.

"Kuandika ni dakika chache. Tatizo ni kuwasha upya na kujaribu kila njia. Siwezi kuwaambia nimemaliza kabla sijajaribu."

"Fanya."

Alianza kuandika. Vidole vilikuwa na jasho, akavifuta kwenye kanga. Aliweka saba, akaweka sitini na tatu, akasoma kila mstari kwa sauti ili yule mama aufuate kule aliko. Ndipo mtandao wa simu ukakatika. Kimviringo kikazunguka kwenye skrini. Edvina alisimama na simu mkononi, akaiinua juu, akaisogeza dirishani, akapanda juu ya gunia. Alitamani kulia. Nje alisikia magari yakiingia uani, milango ikifungwa, na sauti ya baba yake, ile sauti yake ya sasa inayoburura maneno, ikiwakaribisha wakwe.

Mtandao ulirudi. Yule mama alikuwa bado yupo. "Nilikuwa nakusubiri," alisema.

"Washa."

Mlango ulifunguliwa tena, safari hii kwa nguvu. Shangazi Kokubanza alikuwa amevaa vitenge vyake vya sikukuu na uso wake ulikuwa mweusi kwa hasira. Nyuma yake, chumba cha pili, Edvina aliweza kumwona Joyness amesimama amejitanda, amepambwa, anangoja.

"Wageni wamekaa. Wamesalimiwa. Wanamwulizia binti. Unatoka?"

"Shangazi, dakika kumi."

"Dakika kumi watu wakitazamana?"

"Nikiiacha hivi ilivyo watu wataumia. Wagonjwa. Naomba dakika kumi tu."

"Wagonjwa wa wapi?"

Edvina aliwafikiria wagonjwa wenyewe. Wa Johannesburg. Wa Durban. Watu asiowajua hata mmoja. Kokubanza alimngoja ajibu, alipoona hajibu akageuka. "Joyness," alisema, "twende, mwanangu."

Joyness alimtazama dada yake kupitia mlangoni. Edvina akarudisha uso kwenye skrini. Joyness akampa shangazi mkono.

Vigelegele vilipolipuka sebuleni, Edvina alikuwa ameinamia skrini. Eneo, namba saba. Kikomo, sitini na tatu. Njia ya kwanza ikafunguka. Akajaribu ya pili, ya tatu, akatuma ujumbe kutoka huku kwenda kule na kutoka kule kuja huku, akangoja majibu. Yalikuja yote. Machozi yalimtoka akiwa anaandika, akayaacha yatoke.

"Nafikiri tumefanikiwa," alisema Mujuni, sauti imechangamka. "Mabwana, poleni kwa usumbufu. Mwenzetu alisahau faili moja kwenye amri ya kuwashia, lakini kama timu tumeligundua na tumelirekebisha."

Edvina alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kukata. Alikitoa.

"Sikusahau faili," alisema. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa tulivu. "Faili hilo sikuwa na ruhusa ya kuliona. Niliomba lifunguliwe mara tatu nikaambiwa halina kitu. Mama wa zamu amewaambia aliyeagiza liwekwe. Naomba iandikwe hivyo kwenye taarifa. Sasa nina wageni. Kwaherini."

Akafunga kompyuta.

Alipotoka, gauni jipya lilikuwa bado limetundikwa kwenye msumari. Hakulivaa. Alijifunga kitenge juu ya nguo alizokuwa nazo, akaingia sebuleni kwa mlango wa nyuma na kupiga magoti kuwasalimia wakwe. Walimjibu kwa adabu. Mzee mmoja aliuliza huyu ni nani, na Joackim akasema, "Ni dada mkubwa," bila kuongeza kitu. Joyness alikuwa ameketi karibu na Kokubanza, ametazama sakafu, mzuri kiasi kwamba Edvina alishindwa kumwangalia kwa muda mrefu.

Wageni walipoondoka, mvua ikiwa imeanza kudondoka, Edvina alimfuata mdogo wake nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alikokwenda kuvua viatu vilivyombana.

"Joyness."

"Usinieleze, dada."

"Sijasema kitu."

"Unataka kunieleza. Mtandao, mashine, watu watakufa. Najua ni kweli. Wewe husemi uongo." Alikuwa anavuta kiatu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mimi ningesubiri. Ningesimama pale mpaka jioni. Lakini hukuniomba mimi. Ulimwomba shangazi, ulimwomba Joackim. Mimi hukunitazama hata."

Edvina alikumbuka mlango ulivyofunguka na macho ya Joyness, na jinsi yeye alivyorudisha uso kwenye skrini.

"Ni kweli," alisema.

Mvua ilizidi, maji yakawa yanateremka kwenye majani mapana na kuwadondokea mabegani, na hakuna aliyenyanyuka.

Jumatatu Mujuni alipiga simu. Edvina alikuwa amesharudi Bukoba.

"Umenivunjia heshima mbele ya wateja," alisema. "Mimi niliyekuingiza kwenye kazi hii. Mtu wa nyumbani."

"Nakushukuru kwa kuniingiza, kaka. Sijasahau."

"Sasa wanataka kuongea na wewe moja kwa moja. Wanasema upewe ruhusa ya mafaili yote. Ndicho ulichokuwa unakitafuta?"

"Nilikuwa nakitafuta tangu mwezi uliopita. Nilikuomba wewe kwanza."

Mujuni akakata simu. Ruhusa zilifika siku hiyohiyo, bila salamu. Edvina alifungua mafaili yote moja baada ya jingine, na katika machache kati yao alikuta mambo mengine ya majaribio yaliyoachwa humo, yanangoja kumharibia mtu siku. Aliyasafisha akiwa na hasira, na hasira ile haikumwisha hata alipomaliza. Mashine zilikuwa zinaongea. Hakuna mtu aliyepiga simu kusema ahsante, na hakuwa ameitegemea.

Joackim alimwambia kwa simu kwamba siku ya harusi, kanisani, atakayemsindikiza Joyness ni shangazi Kokubanza. "Ndivyo alivyoamua," alisema. "Usimlazimishe."

"Silazimishi."

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na kazi. Edvina alipanda gari asubuhi akaenda Nshamba bila kompyuta. Alimkuta Joyness nyuma ya nyumba, peke yake, anamenya ndizi za mchana. Joyness aliinua macho, akayarudisha kwenye kisu.

"Tata amelala," alisema. "Hakulala vizuri jana."

"Nitamwona akiamka."

Edvina alisimama hapo akingoja kufukuzwa au kukaribishwa. Hakuna kilichotokea. Mwishowe alivua viatu, akaketi chini kwenye jani la mgomba, akachukua kisu kingine kwenye beseni na kuanza kumenya. Utomvu ukamshika vidoleni.

"Unamenya nene sana," alisema Joyness baada ya muda mrefu. "Unatupa chakula."

"Nionyeshe."

Joyness alivuta pumzi, akauchukua mkono wake, akaugeuza pamoja na kile kisu.